Mashine Haiongezi Rangi

Wateja wengi wanaofika pale tunapofanyia kazi husema, "Nipakeni polishi, gari ing'ae." Hilo neno kupaka ndilo linaanzisha ubishi wote. Mtu anadhani mng'ao unatoka kwenye kopo, unakuja kukaa juu ya gari kama mafuta kwenye ngozi. Inayokaa juu ni nta. Polishi yenyewe ina unga mdogo sana unaokwaruza, na mashine inausukuma huo unga kwenye rangi mpaka safu nyembamba ya juu, ile iliyopauka na kuchakaa, iondoke. Chini yake ndipo pana ulaini unaorudisha mwanga. Kwa hiyo gari likitoka kwetu linang'aa, ujue limepungua kidogo.

Ni miaka miwili sasa nasimamia vijana wanaofanya kazi hii hapa Kakuma. Ugomvi mwingi tuliogombana, na mengi tuliyojifunza, yametoka kwenye jambo hilo moja: mashine haiongezi rangi, inaipunguza.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana, wa malipo ya insentivu. Nilimaliza Fomu Foo hapa hapa kambini. Sikusomea magari. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya vijana, kuwaita kwenye mikutano, na kufuatilia nani amepotea na kwa nini. Kikundi kilipopata mafunzo ya wiki tatu ya kusafisha na kung'arisha magari, mimi nilitumwa kuandika mahudhurio tu. Lakini nilikaa, nikasikiliza, nikashika mashine. Mwisho wa wiki ya tatu vijana tisa walipewa vyeti, wakapigwa picha. Kikundi kikapewa mashine moja, sponji mbili na chupa moja ya kompaundi. Leo wateja bado wanauliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Namwonyesha kijana aliye zamu siku hiyo. Siku nyingine najionyesha mwenyewe.

Niwaeleze kwanza hii mashine, kwa sababu wengi wanaichanganya na grainda. Kuna mashine ya polishi inayoitwa rotari. Hiyo inazunguka mahali pamoja, kwa nguvu, na joto lote linakusanyika pale ulipoiweka. Mikononi mwa fundi mzoefu inafanya kazi haraka. Kwa anayejifunza, sekunde chache kwenye kona ya boneti zinatosha kuichoma rangi mpaka praima ionekane.

Yetu mafundi wanaiita DA. Ina mizunguko miwili kwa wakati mmoja. Tulisoma shuleni kwamba dunia inajizungusha yenyewe na huku inalizunguka jua. Fikiria hivyo. Sahani inayobeba sponji inazunguka kwenye kitovu chake, na hicho kitovu kimefungwa pembeni kidogo ya shafti ya mota, kwa hiyo nacho kinabebwa kwenye duara dogo. Upana wa hilo duara unatofautiana: kuna mashine za milimita 8, za 15 na za 21. Matokeo ni kwamba sponji haipiti njia ile ile mara mbili mfululizo, joto linatawanyika, na haichori zile alama za duara ambazo rotari inaacha.

Jambo la pili ni kwamba sahani haijakazwa moja kwa moja kwenye mota. Inazunguka kwa uhuru juu ya beringi. Ukiikandamiza kwa hasira inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu. Ndiyo maana naipenda kwa vijana. Anayetumia nguvu nyingi haharibu gari haraka. Anagundua tu kwamba kazi haiendi. Mmoja wetu wa zamani alihamishiwa Marekani na familia yake, na huko akapata kazi ya kusafisha magari. Yeye ndiye aliyetutumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: chukueni kalamu ya wino mzito, choreni mstari mmoja kwenye ukingo wa sahani. Mstari ukionekana unazunguka polepole, mkono wako uko sawa. Ukisimama, punguza uzito au nyoosha mashine, maana pengine umeiinamisha. Alitaka hata kututumia mashine ya pili, lakini za kule ni za volti 120 na umeme wetu ni 240, ingeungua siku ya kwanza. Ushauri wake ndio umetufaa zaidi.

Sasa tuje kwenye ngozi ya gari. Rangi ya kiwandani, kuanzia kwenye bati mpaka juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 180 hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu mmoja ni kama mikroni 70. Kwenye magari mengi ya siku hizi chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile vanishi isiyo na rangi. Klia mara nyingi ni mikroni 40 au 50 tu. Hapo ndipo sisi tunafanya kazi, ndani ya unene usiofika unywele. Na hiyo klia ndiyo inayobeba dawa ya kuzuia jua lisiichome rangi. Ukiimaliza kwa kutafuta mng'ao wa leo, jua la Kakuma litamaliza lililobaki.

Kipimo cha kupima unene wa rangi hatuna. Tunatumia macho na vitu vidogo. Tunaangalia mipira ya madirisha: ikiwa na vumbi la rangi, gari limeshapigwa rangi tena na hatujui ni nene au nyembamba. Tunapitisha sumaku ya spika mbovu kwenye milango: mahali inaposhika kwa unyonge, chini pana puti. Tunapitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina sana, haupotei bila kuchimba kuzidi kiasi. Huo tunamwambia mwenye gari tutaulainisha tu, hatutaufuta. Na kona zote, mistari ya milango, migongo ya boneti, tunazipita kwa wepesi au tunazifunika kwa tepu ya karatasi, kwa sababu kwenye kona ndipo rangi huwa nyembamba.

Kazi yenyewe inaanza alfajiri. Hapa saa nne ya asubuhi bati limeshapata moto, kompaundi inakauka kabla haijafanya lolote, na alasiri upepo unaleta mchanga. Punje moja ya mchanga ikiingia kati ya sponji na rangi, unachora badala ya kufuta. Kwa hiyo saa kumi na mbili tunakuwa tumeshaosha, na saa tatu na nusu mashine inazimwa hata kama mteja anapiga kelele.

Kuosha ndiko kulikotuletea shida ya kwanza na majirani. Gari haliwezi kupigwa polishi likiwa na vumbi, lazima lioshwe vizuri, na mwanzo tulikuwa tunamaliza madumu matano ya lita 20. Siku moja mama mmoja aliyekuwa anatoka kwenye foleni ya bomba alisimama na dumu lake kichwani akatuangalia. Akasema, "Wanangu, haya maji mnamwogesha nani?" Hakugombana, alipita tu. Lakini vijana wawili wamekaa kwenye foleni hiyo hiyo tangu wakiwa watoto, na siku hiyo hawakuongea sana.

Tulikaa kikao. Tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, maji ya gari hayatoki kwenye bomba la block; mteja anakuja na maji aliyonunua, au tunanunua sisi na kumwongezea bei. Pili, hatumwagi ndoo. Tunanyunyiza kwa ile pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa mimea, ambayo ni mpya na haijawahi kuguswa na dawa. Ndoo moja ni ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye gari. Tatu, gari linaoshewa juu ya turubai, na maji tunayoyazoa tunayapeleka kwenye miche ya mwarobaini iliyo nyuma ya kibanda. Sasa gari dogo tunaliosha kwa madumu mawili. Yule mama bado anapita. Siku hizi anauliza kama miti inakua.

Baada ya kuosha, unapapasa bodi kwa kiganja. Ukihisi vipele, kuna uchafu ulionasa kwenye rangi, na huo unatolewa kwa ule udongo laini wa kusafishia magari, unaoteleza juu ya maji ya sabuni. Kisha ndiyo tepu. Hapa ndipo vijana wanakosa subira, kwa sababu kufunga tepu si kazi ya kupiga picha. Lakini ukitaka kumjua fundi, usiangalie boneti, angalia plastiki nyeusi. Kwenye bampa la plastiki lisilopigwa rangi, kwenye mipira ya madirisha, kwenye vile vibao vya pembeni, polishi inaingia kwenye vinyweleo na kukauka nyeupe kama chokaa. Gari linang'aa na pembeni limeandikwa uvivu. Kuitoa ni kazi ya mswaki wa zamani na maji ya sabuni, nusu saa kwa kitu ambacho tepu ingezuia kwa dakika tano.

Hizo plastiki zenyewe mashine haziwezi kuzisaidia. Zenye vipele huwezi kuzipiga sponji, utazilainisha vibaya na zitabaki na madoa. Wengine mjini wanazipaka oili chafu ya injini. Kweli zinakuwa nyeusi, siku mbili. Halafu zinakamata vumbi lote la barabara na kumchafua abiria nguo. Sisi tunaziosha kwa mswaki, zikikauka tunapaka dawa yake ya plastiki kidogo kwa sponji ya vyombo, tunafuta inayozidi. Kama hatuna dawa tunaziacha safi. Plastiki safi iliyopauka haina aibu.

Halafu mashine. Unachagua kipande kimoja kidogo cha kujaribia, pale pasipoonekana sana, kama sentimita 50 kwa 50. Unaanza na sponji laini na polishi nyepesi. Ikitosha, umeshinda, maana umeondoa kidogo. Isipotosha ndiyo unapanda kwenye kompaundi. Wengi wanaanza na kali kwa sababu wana haraka. Unaweka matone manne au matano kwenye sponji, unaigongagonga kwenye rangi kabla ya kuwasha ili isirushe. Unawasha namba 1 kutandaza, kisha namba 4 au 5. Mkono unatembea pole, kama sentimita 2 au 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, kwanza kwenda na kurudi, kisha juu na chini. Mara nne au sita. Uzito ni wa mashine yenyewe na kidogo cha mkono. Usiinue ikiwa inazunguka.

Kisha jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la muhimu kuliko yote. Polishi ina mafuta, na mafuta yanajaza mikwaruzo na kuificha. Ukifuta kwa kitambaa tu, utaona kioo na mteja ataona kioo. Baada ya kuoshwa mara mbili, mikwaruzo inarudi, na mteja anarudi. Kwa hiyo tunapangusa kipande kile kwa spiriti iliyochanganywa na maji, mafuta yanatoka, halafu tunamulika kwa tochi ya simu pembeni. Kinachoonekana hapo ndicho ukweli. Ni kazi ya sekunde kumi, lakini kijana aliyechoka hapendi kuifanya, kwa sababu inaweza kumwambia arudie.

Kila gari lina lake. Siku moja tulipewa gari jeupe kubwa la zamani, Land Cruiser, na kijana aliyekuwa na mashine akazima ghafla. Sponji ilikuwa imegeuka nyeupe pee. Alidhani ameshafika kwenye praima. Kumbe gari hilo lilikuwa na rangi ya tabaka moja, isiyo na klia juu, kwa hiyo kinachoondoka ni rangi yenyewe. Kwenye gari kama hilo sponji kuchafuka rangi ya gari ni kawaida. Kwenye gari la klia, ukiona sponji inabeba rangi, simama mara moja, umemaliza ngozi. Dalili ni ile ile, maana mbili tofauti. Na nembo za karatasi zilizobandikwa milangoni tunazizungushia tepu, hatupiti juu yake, sponji inainua kingo zake.

Taa ndizo zimetulisha kuliko boneti. Probox nyingi hapa zinatoka Japani zikiwa zimeshatembea, na taa zao za plastiki zinageuka njano, zinakuwa na ukungu. Dereva anayetoka Lodwar usiku anaendesha kwa kukisia. Mbuzi yupo barabarani, mtoto yupo, na boda isiyo na taa ipo. Kwa taa tunazungushia tepu mbili, tunapiga msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu mashine na kompaundi, namba ya chini, kwa sababu plastiki inashika joto haraka. Wengine wanatumia dawa ya meno, nayo inasaidia kidogo kwenye ukungu mwepesi. Lakini tunamwambia kila mtu ukweli: ule unjano tulioutoa ulitoka pamoja na ngao iliyokuwa inazuia jua. Asipopakiwa kinga mpya, baada ya miezi kadhaa taa zitarudi njano. Tunachukua shilingi 600 kwa taa mbili na kinga ndani yake. Dereva mmoja alirudi kutuambia tu kwamba sasa anaona shimo kabla ya kuingia. Hakuwa na kazi nyingine ya kutupa siku hiyo.

Sasa nieleze ugomvi wa Probox ya kijivu, kwa sababu huo ndio ulitaka kukivunja kikundi.

Mwenye gari alikuja akiwa amepata mnunuzi wa Lodwar. Alitaka gari zima ling'ae kufikia Jumamosi, na alitoa bei ambayo hatujawahi kuisikia: 4,000. Ilikuwa wiki ambayo majumbani mgao ulikuwa umeshaisha na mwingine haujafika. Tuliliangalia gari. Milango ilikuwa sawa. Boneti na paa klia yake ilikuwa imekufa, inabanduka kwa magamba meupe kama ngozi ya mtu aliyeungua. Hapo mashine haina la kufanya. Klia iliyobanduka hairudi kwa polishi. Sponji ikipita inanasa kingo na kubandua zaidi. Dawa yake ni msasa na kupigwa rangi upya.

Kulikuwa na njia. Unapaka mafuta ya polishi kwa mkono juu ya magamba, yanalowa, weupe unapotea, na kwa siku tatu nne gari linapendeza. Mwenye gari mwenyewe aliijua hiyo njia, ndiyo aliyoitaka. Mkubwa wa kikundi, kijana wa Fizi, baba wa mtoto mmoja, akasema, "Dada, tupake tu. Akishauza si letu tena. Wewe una insentivu yako mwisho wa mwezi, sisi tuna nini?" Sikuwa na jibu zuri, maana alisema kweli.

Aliyejibu ni mdogo wetu, ana miaka 17, huwa anapewa kazi ya tepu. Akasema, "Kaka, sasa huyo mnunuzi akija kuuliza nani aliipiga polishi, tutasema nani?" Mkubwa akamwambia anyamaze. Wakanyamaza wote. Wakapiga kura kwa mikono: watano wakakataa, wanne wakataka kupaka. Mimi sikupiga kura, lakini kila mtu alijua mkono wangu ungekuwa upande gani.

Tulimwambia mwenye gari: paa na boneti hatugusi. Milango minne, nyuma, na taa, tutafanya kwa 1,500. Alituangalia mmoja mmoja. Akasema, "Mmejifunza kukataa kazi kabla hamjajifunza kazi." Akaondoka.

Sikuona mtu akitushukuru kwa hilo. Kijana wa Fizi hakuja wiki nzima. Nilikwenda kwao, nikamkuta amekaa na mtoto mapajani. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba hana chuki, ila uaminifu wa kugawana watu tisa hauivi kwenye sufuria. Sasa anaendesha boda ya mtu. Tukikutana barabarani anapiga honi, ananisalimia, "Dada, mashine inazunguka?" Namwambia inazunguka. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, mpole, wa kunyooka. Probox ile bado naiona barabara ya Lodwar, paa lake vile vile.

Nimeulizwa na rafiki zangu wafanyakazi wa mashirika, kwa nini vikundi vya mafunzo vinakufa. Jibu langu siyo la uvivu wa vijana. Sponji mbili haziwezi kumaliza gari moja vizuri. Zinapata moto, gundi ya katikati inayoyeyuka ndiyo inayoshika ule mkanda wa kunatia, sponji inaanza kupepea, inachanika. Kwa gari dogo unahitaji tatu au nne, unabadilisha, moja inapumzika, nyingine inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini. Sisi zetu zilikufa mwezi wa pili. Mashine ilikaa chini ya kitanda cha mtu wiki saba, nzima, haina kosa, na vyeti tisa ukutani. Ukihesabu kwenye ripoti, kikundi kina mashine. Ukija kutembelea, hakuna kazi.

Tuliokolewa na taa, kwa sababu taa hazili sponji nyingi. Tuliweka kando shilingi 50 kwa kila taa. Sponji ziko Nairobi, na sisi kusafiri mpaka kibali kitoke, kwa hiyo zinakuja kama mzigo kwenye basi. Moja inatufikia kwa kama 1,100 ikiwa pamoja na usafiri. Umeme tunaununua kwa jirani mwenye jenereta, tunalipa kwa asubuhi. Naandika hizi hesabu ili anayepanga mafunzo mengine aziangalie: afadhali vijana watano wenye sponji kumi na mbili kuliko tisa wenye sponji mbili na picha. Na kabla ya kuwaandikia soko la kung'arisha magari, mhesabu magari yanayopita hapa, na muulize maji yatatoka wapi.

Kwa kijana mwenzangu anayesoma na anataka kujifunza, njoo asubuhi, nyuma ya soko, kabla jua halijapanda. Hatuanzi na mashine. Utaanza na tepu wiki mbili, kisha kitambaa na spiriti, kisha tochi. Utafundishwa kuangalia gari na kusema kwa sauti, mbele ya mwenyewe, ni nini kimebaki na nini hakipo tena. Hilo ni gumu kuliko kushika mashine, kwa sababu mwenye gari amekuja na matumaini, na wewe una njaa. Mdogo wetu wa tepu amelijua mapema. Tangu mwezi uliopita yeye ndiye anayepokea wateja, na ndiye anayeshika mashine siku za magari ya klia. Jana alimwambia mzee mmoja wa Kiturkana, mwenye pikipu ya bluu, "Baba, hii rangi inatosha mara moja tu. Ukirudi mwaka ujao, nitakuosha na kupaka nta, sitaigusa tena." Mzee alifikiri kidogo, akauliza hiyo nta ni bei gani.